Njia Ambayo Hakuna Aliyeichora

Tarehe 6 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba mlinzi wa geti la kiwandani kwenu ameifikisha mkononi mwako bila kuinusa kwanza. Mimi sijambo, ila mafua yamenig'ang'ania. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, jua nalisikia kwa watu tu. Jumapili nilizungumza na Mama. Goti linamsumbua, mdomo hauna tatizo lolote. Ameniuliza tena naolewa lini, kisha akauliza kama ni kweli umepanda cheo au ni Baba anatia chumvi. Nikamwambia ni kweli, mwanao sasa ni msimamizi wa zamu ya alfajiri ya kiwanda kizima cha mikate, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Akasema, "Basi asichelewe." Ndiye mama yetu huyo.

Sasa niseme lililonishikisha kalamu. Unajua jinsi nilivyowapigia kelele wakubwa wa ofisi yetu ya mipango miji. Barabara za pembezoni zinapangwa na wanaume wenye magari kwa ajili ya wanaume wenye magari. Hakuna anayeuliza mwanamke anayempeleka mtoto zahanati, akapitia sokoni, akakimbilia kibaruani, anakanyaga wapi. Basi wamenichoka, wamekubali tujaribu mtaa mmoja, na mtaa wenyewe ni wa kwenu. Mimi siruhusiwi kuja kwa sababu nina ndugu huko, wanaogopa nitapendelea. Watakuja wapimaji wawili na ramani ya kutandaza mezani. Kila mwanamke atapewa kalamu nyekundu achore njia anayopita kila siku. Palipo na mistari mingi ndipo zitakapowekwa taa na njia ya waenda kwa miguu.

Nakuomba, dada, walete wanawake. Usije wewe na jirani yako Mama Pacha tu mkakaa nyuma mkicheka. Hili likifaulu, mitaa yote ya pembezoni itapangwa hivi. Likiharibika, nitaambiwa "si tulikwambia" mpaka nistaafu.

Nijibu kwa barua. Simu yenu inakaa mezani sebuleni, na anayeipokea ni mama mkwe wako.

Mdogo wako,
Kasuku

*

Tarehe 19 Machi

Kwako Kasuku,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako niliipata, nikaisoma nimekaa juu ya magunia ya unga, ndiyo maana hii nayo ina vumbi jeupe. Sote hatujambo. Shemeji yako mgongo umempa nafuu, amerudi gereji. Watoto wanasoma, au wanasema wanasoma. Mama mkwe ana afya kutuzidi wote. Mafua yako ni ya kulala na nywele mbichi, nimekwambia tangu ukiwa mtoto.

Kazini nimeanza vizuri. Wanaume wa kwenye oveni mwanzo walijifanya hamnazo nikiwapa maagizo. Nikawaacha waunguze mikate siku moja, meneja akaja mwenyewe. Sasa wananisikia. Sharti langu ni moja tu, niwahi kuliko wote, kwa sababu funguo za stoo ninazo mimi. Nikichelewa mimi, kiwanda kimechelewa.

Mkutano wenu umefanyika. Wanawake walijaa, hutanilaumu. Wapimaji ni vijana wazuri, wana adabu. Viti vya mbele vilikaliwa na mwenyekiti wa kamati ya mtaa na wenzake, eti kuwapokea wageni. Mama mkwe naye alikuja. Akaomba kiti ubavuni mwa meza, akisema macho yake hayaoni mbali. Macho hayo yanaona mpaka ndani ya sufuria ya jirani. Tukapanga mstari, kila mmoja akachora chake. Tulichora vizuri, tukapigiwa makofi.

Halafu nauliza tu, ule uwanja wa tanuri la zamani la matofali, huku nyuma ya nyumba zetu, mna mpango nao wowote?

Vaa kofia.

Dada yako

*

Tarehe 23 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mafua yameisha, kofia sikuvaa. Mama amepata dawa ya kuchua goti, nyumba nzima inanukia kama gereji ya shemeji. Anakusalimu.

Dada, leo nina furaha sijui niiweke wapi. Mpango umepitishwa. Mistari yenu yote imefuata barabara kuu, kutoka kwenu, kupita shuleni na sokoni, kuzunguka hadi kwenye kona ya kiwanda chenu. Yote. Mkuu wangu amesema hajawahi kuona watu wakikubaliana hivyo, hata kwenye harusi. Kwa hiyo barabara kuu itapata taa pande zote na njia pana ya waenda kwa miguu. Wanawake wenyewe mmechagua, na kwa mara ya kwanza ofisi imefuata.

Uliuliza kuhusu uwanja wa tanuri. Umetolewa kwa maegesho ya malori, utazungushiwa ukuta wa matofali. Malori yatatoka mitaani yaache kuwatishia watoto wenu. Hakuna hata mstari mmoja uliopita pale, kwa hiyo hakuna atakayeumia.

Wasalimie wanawake wote. Waambie nawapenda hata nisiowajua.

Kasuku

*

Tarehe 2 Agosti

Kwa mdogo wangu,

Hatujambo. Mama mwambie nitamtumia kitambaa cha kufunga goti.

Usinione mkimya. Nimekuwa nikiianza barua hii na kuiacha. Ukuta umeshapanda kunizidi kimo. Mafundi wanafanya kazi kama wanafukuzwa. Wanawake wa huku wanalalamika. Barabara kuu ni nzuri, sitaki kuitukana, lakini inazunguka mno, na malori yanayosubiri maegesho yaishe yamejipanga huko huko. Nimechelewa kazini zaidi ya mara moja. Meneja amenipa onyo la maandishi. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu na watu zaidi ya ishirini wamesimama nje ya stoo wananitazama.

Swali langu ni dogo. Ukuta huo unaweza kuwekewa mlango? Mmoja upande wetu na mmoja upande wa kiwanda, basi.

Usiniulize mambo mengi.

Dada yako

*

Tarehe 20 Agosti

Dada,

Shikamoo. Poleni na hayo ya kazini. Mama hajambo, anasubiri kitambaa.

Samahani, lakini lazima nikuulize mambo mengi. Mlango wa nini? Nakala ya ramani yenu nimeibandika ukutani mbele ya meza yangu, naiona kila ninapoinua kichwa. Nimeitazama tena juzi mpaka macho yakaniuma. Kwenye uwanja wa tanuri hakuna alama hata ya kalamu iliyoteleza. Leo unaniambia wanawake wanalalamika. Wanawake gani? Si hao hao?

Nilimwendea mkuu wangu kwa mlango huo. Akanitazama akacheka, akasema, "Ndiyo hao wanawake wako. Wanachora huku, wanataka kule." Wenzangu nao wakacheka. Nimetoka pale na hasira, na sijui hasira yenyewe ni ya nani. Kama mnapita pale, kwa nini hamkuchora? Mngechora, taa zote zile zingekuwa pale. Nilikuwa nimewashika mkono wanaume hawa, dada, nimewafikisha mpaka mlangoni.

Niambie ukweli tu. Nani anapita pale?

Kasuku

*

Tarehe 11 Septemba

Kasuku,

Salamu baadaye.

Unataka kujua nani anapita pale. Wote. Mimi, Mama Pacha ninayefanya naye kazi kiwandani, fundi cherehani, wale dada wawili wanaosafisha hospitali, mke wa mwenyekiti mwenyewe. Kila mwanamke wa mtaa huu mwenye kazi ya alfajiri anapita tanurini. Tumepita miaka yote hiyo. Ukikatiza pale, kiwanda unakiona ukiwa bado unakaza kitambaa kichwani. Tunasubiriana nyuma ya choo cha shule, tukiwa wengi tunaondoka pamoja. Tukiwa mle ndani hatuitani, wala hatusalimiani. Tukitokea upande wa pili ndipo tunapeana habari za asubuhi, kama watu waliokutana muda huo huo.

Na mbele za watu hakuna anayepita tanurini. Tangu yule binti wa muuza mkaa akutwe pale na mume wa mtu, mahali pale palipata jina, na jina likahamia kwa kila mwanamke atakayeonekana kukanyaga. Mume wangu anajua napita barabara kuu. Wa Mama Pacha anajua hivyo hivyo. Wanaamka tumeshaondoka, hawana haja ya kujua zaidi.

Sasa wewe unaniletea ramani. Unanipa kalamu nyekundu, si ya risasi inayofutika, nyekundu. Mwenyekiti yuko mbele. Mama mkwe ameegemeza kiwiko kwenye meza, anafuata kalamu kwa macho. Ulitaka nichore nini? Niambie wewe uliyesoma, ulitaka nichore nini? Wa kwanza kuchora nilikuwa mimi, kwa sababu uliniomba niwaongoze. Nikaupitisha mstari barabara kuu, nikampa kalamu Mama Pacha, naye akapita juu ya mstari wangu. Hatukukaa kupanga. Kila mmoja alijiokoa mwenyewe.

Umetuuliza, na kutuuliza ni jambo zuri, nilijivunia. Lakini umetuuliza mbele ya watu wale wale tunaowaficha.

Nina onyo la pili.

Dada yako

*

Tarehe 30 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikailaza, nikaisoma tena. Sina la kujitetea, na nimekasirika hata hivyo. Nimekasirikia ile meza. Nimemkasirikia mwenyekiti ambaye mkewe anapita pale na yeye amekalia kiti cha mbele. Wewe pia nimekukasirikia kidogo, kwa sababu ungeniandikia mapema, hata mstari mmoja. Tulilala kitanda kimoja mimi na wewe, ulinificha nini?

Nimejaribu mlango wa nyuma, nikamweleza mkuu kwa siri bila kumtaja mtu. Anasema siri haiingii kwenye mpango. Kinachoingia ni kilichosemwa kwenye mkutano wa hadhara, kikaandikwa na karani wa mtaa. Nimemwomba wapimaji waje kuwauliza kiwandani, mkiwa wenyewe. Amesema huo si mkutano, hayo ni mazungumzo ya wanawake.

Kamati yenu ina mkutano mwezi ujao. Wakisimama wanawake kadhaa wakasema "tunapita pale, tunataka mlango," ofisi italazimika kujibu. Kadhaa tu, si lazima wote. Najua ninachokuomba ni kikubwa. Lakini cheo chako kinakwenda hivi hivi unakitazama, na mimi huku sina mkono wa kukufikia.

Ukiandika, tumia anwani ya nyumbani. Ofisini nimebadilishiwa meza.

Kasuku

*

Tarehe 27 Oktoba

Mdogo wangu,

Sijambo. Watoto hawajambo. Kitambaa cha Mama nimekituma kwa basi.

Nilisimama.

Tulikubaliana watano. Tulikubaliana stoo, tumezungukwa na magunia, na Mama Pacha ndiye aliyekuwa na maneno makali kuliko sote. Alisema atamwambia mwenyekiti usoni akamuulize mkewe. Siku yenyewe ilipofika, ukumbi ulijaa waume. Sijui nani aliwaambia. Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Nikawatazama wenzangu. Fundi cherehani alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba. Nikasimama, nikasema, "Mimi napita uwanja wa tanuri kwenda kazini. Naomba ukuta uwekewe mlango."

Mwenyekiti akasema, "Unapita pale?"

"Napita."

"Alfajiri, giza hivyo?"

"Kazi yangu ni ya alfajiri."

"Na unapita na nani?"

Hapo ndipo penyewe, Kasuku. Nilikuwa na majina yote mdomoni. Nikamwona Mama Pacha anatazama miguu yake, na mumewe amekaa kiti cha pili kutoka kwake, amekunja mikono. Nikajua nikimtaja, usiku huo atalala na michubuko. Nikasema, "Peke yangu."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Karani akaandika. Mwenyekiti akasema kamati haiwezi kumsumbua mwenye maegesho kwa mtu mmoja, na kwamba mwanamke mwenye heshima zake akitaka kupita gizani peke yake, hilo ni la mumewe kuliangalia. Nikakaa. Nilihisi kama nimevuliwa nguo, halafu nikaambiwa nguo zenyewe ni mbovu.

Shemeji yako hakunigombeza. Aliniuliza, "Miaka yote hiyo?" Nikamwambia ndiyo. Akatoka nje akakaa kibarazani, na hadi leo ananisemesha kuhusu watoto tu. Mama mkwe yeye amesema sana. Sitaki kuandika aliyosema.

Sijutii. Nimechoka tu, na nina hasira na watu ninaowapenda, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda.

Dada yako

*

Tarehe 15 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Kitambaa kimefika, Mama anakivaa hata kwenye goti lisilouma.

Muhtasari wa mkutano wenu nimeupata. Umeandikwa: "Mwanamke mmoja ametoa ombi binafsi. Limekataliwa." Basi. Ndiyo siku yako yote ile.

Nimelia, nikapiga meza, nikalia tena. Wale wanne nawalaumu, halafu nakumbuka waume waliojaa ukumbini, nashindwa kuwalaumu. Nairudia ile "peke yangu" yako kichwani. Ungesema wawili tu, ningepata pa kushika. Najua kwa nini hukusema. Naomba usiniulize kama ningefanya hivyo mimi.

Kuna jambo sikukwambia, kwa sababu ulikuwa na yako. Mimi siko tena kitengo cha barabara. Tangu ule mwezi nilipoomba mlango mara ya kwanza, nimehamishiwa makaburi. Ndiyo, makaburi. Napima viwanja vya marehemu. Mkuu alisema kule nitapata utulivu, na amesema kweli, wateja wangu hawalalamikii njia. Mitaa mingine ya pembezoni itapangwa kwa utaratibu wa zamani. Kwenye ripoti wameandika kwamba kuwauliza wanawake kulijaribiwa, na matokeo hayakuwa ya kuaminika.

Cheka, dada. Mimi nimejaribu, sijaweza.

Niandikie habari za kazini. Barua iliyopita umeniruka hapo.

Kasuku

*

Tarehe 8 Desemba

Kwako Kasuku,

Marahaba. Makaburi hayo nimeyacheka, halafu nikajisikia vibaya, halafu nikacheka tena. Pole sana, mdogo wangu. Ungeniambia. Na mimi ningekwambia. Tumelelewa na mama mmoja, tunaficha maumivu mpaka yaote mizizi.

Habari za kazini ni hizi. Funguo nimerudisha. Meneja hakunitukana, alisema tu zamu ya alfajiri inataka mtu wa karibu, akampa kijana wa oveni anayekaa mkabala na geti. Mimi niko kwenye kufungasha, zamu ile ile, nafunga mifuko. Mikono inafanya yenyewe, kichwa kinabaki huru kukasirika. Nyumbani mume wangu ameanza kuniuliza kama nimekula. Si haba.

Wanawake wamenikwepa tangu mkutano ule. Tukipishana sokoni, kila mmoja anakuwa na haraka. Barabara kuu sasa tunapita wote, kila mtu kivyake, chini ya taa zako, tumetawanyika kama watu tusiojuana. Juzi nikasikia mtu anakuja mbio nyuma yangu. Alikuwa Mama Pacha. Akanifikia, akatembea ubavuni mwangu kipande kizima. Malori yamejaa, tukayapita moja baada ya jingine.

Tulipofika sokoni akasema, "Ungenitaja tu."

Nikamwambia, "Ungesimama tu."

Tukaendelea kutembea mpaka kiwandani, tukafika tumechelewa wote wawili.

Dada yako